Lile jengo jeupe la State na Madison, Chicago: kwa nini chini limejaa nakshi na juu liko wazi

Ukiwa katikati ya Chicago, pale mtaa wa State unapokatana na mtaa wa Madison, kuna jengo jeupe la ghorofa 12 ambalo kona yake haina pembe, imeviringa kama mnara. Ukilitazama kuanzia juu unaona madirisha mapana tu, safu juu ya safu, mistari iliyonyooka, weupe mtupu. Halafu macho yakishuka mpaka ghorofa mbili za chini unakuta kitu kingine kabisa, chuma kimechongwa majani, mizabibu, maua, duara ndani ya duara, hakuna hata sehemu ya kuweka kidole ambayo haina nakshi. Watu wengi wanaoliona mara ya kwanza wanadhani hapa walijenga watu wawili tofauti, mmoja akaanza na mwingine akamalizia. Si kweli. Juu na chini ni kazi ya mtu mmoja, Louis Sullivan, na sababu aliyofanya hivyo ni nzuri sana ukiielewa, ila inabidi tupitie njia ndefu kidogo maana hili jengo lina mambo mengi yaliyofungana.

Tuanze na jina kwa sababu hapo ndo watu wanapotea. Ukisoma vitabu vya usanifu utakuta linaitwa Carson Pirie Scott. Ukikuta michoro ya mwanzo imeandikwa Schlesinger & Mayer. Kuna kipindi kifupi mwaka 1904 mlangoni palikuwa na jina la Harry Selfridge, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kufungua duka la Selfridges la London. Na sa hivi rasmi linaitwa Sullivan Center. Majina manne, jengo moja. Na tarehe nazo hivohivo, mmoja atakwambia 1899, mwingine 1904, mwingine 1906, na wote wako sawa, kwa sababu halikujengwa kwa mkupuo mmoja, lilijengwa vipande vipande kwa zaidi ya miaka 60.

Sasa hili lilikuwa duka la aina gani? Sisi tumezoea supamaketi na mol, lakini kabla ya mol kulikuwa na duka la idara, yaani duka moja la tajiri mmoja, jumba la ghorofa nyingi, na kila ghorofa au kila upande una idara yake, hapa viatu, pale vyombo vya nyumbani, kule nguo za watoto, juu kabisa mgahawa. Bei imeandikwa, hupatani, ukiingia hulazimiki kununua, unaweza kuzunguka mchana kutwa ukiangalia tu. Leo hayo ni ya kawaida lakini katikati ya karne ya 19 yalikuwa mageuzi makubwa, maana duka la zamani ulikuwa unaingia, muuzaji yuko nyuma ya meza, unamwambia unachotaka, anakutolea, mnavutana bei.

Na karibu yote haya maduka yalianzia kwenye vitambaa. Samuel Carson na John Pirie walikuwa wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ireland, wakaanza mwaka 1854 na kaduka ka vitambaa kwenye mji mdogo wa jimbo la Illinois kabla ya kuhamia Chicago. Hapa kwetu pwani tunaijua biashara hiyo kwa upande wake wa pili, maana ile merikani, kitambaa cheupe kizito kilichokuwa kikiuzwa Unguja na kubebwa mpaka bara kama vile ni pesa, ilipewa jina la Marekani kwa sababu ilikuwa inatoka kwenye viwanda vyao vya pamba vya kaskazini mashariki. Viwanda vilikuwa vinazalisha kitambaa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na wakati majahazi na meli zikikishusha Forodhani, huko kwao miji inakua na watu wenye mshahara wanakihitaji. Lazima pawe na mahali pa kukiuzia. Ghorofa 12 za mtaa wa State zilitokana na hilo.

Kwa nini State? Mwanzoni maduka ya maana ya Chicago yalikuwa mtaa wa Lake, karibu na mto. Tajiri mmoja, Potter Palmer, mwishoni mwa miaka ya 1860 akanunua viwanja vingi mtaa wa State ambao ulikuwa mwembamba na mchafu, akaupanua, akawavuta wafanyabiashara wakubwa wahamie. Oktoba 1871 ukaja moto mkubwa wa Chicago ukateketeza karibu katikati yote ya mji. Walipojenga upya State ndo ikawa mtaa wa maduka moja kwa moja. Na kona ya State na Madison ikawa na watu wengi kiasi kwamba wenyeji walikuwa wanaiita kona yenye msongamano kuliko zote duniani, na mwaka 1909 mji ulipopanga upya namba za nyumba, kona hiyo ikafanywa sifuri, yaani anwani zote za Chicago zinahesabiwa kutokea pale kwenda kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Kwa hiyo ukiambiwa jengo liko namba 1 South State, maana yake ndo hatua ya kwanza kabisa kwenda kusini.

Leopold Schlesinger na David Mayer walianza biashara yao mwaka 1872, mwaka mmoja tu baada ya moto, na mwaka 1881 wakahamia kwenye hiyo kona. Walikuwa kwenye jengo la kupanga la zamani, wakawa wanachukua la jirani, wanatoboa ukuta, wanaunganisha, wanaongeza ghorofa, na kwenye hizo kazi za kurekebisha ndo wakaanza kumtumia Sullivan na mwenzake Dankmar Adler mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kisha reli ya juu, ile inayopita kwenye nguzo za chuma juu ya barabara, ikazunguka katikati ya mji, ikakamilika 1897. Ilipita mtaa wa Wabash, nyuma ya duka lao. Wakajenga daraja la chuma kutoka kituoni mpaka ndani ya duka, abiria anashuka kwenye treni anaingia dukani bila kukanyaga tope. Wafanyabiashara wa aina hiyo walikuwa wanahesabu miguu ya watu, na hiyo ikumbuke, maana nakshi zote tutakazozieleza zilitoka kwenye hesabu hiyohiyo.

Mwaka 1898 wakaamua jengo jipya kabisa. Tatizo, duka halifungwi. Kona yenye watu wengi kuliko zote huwezi kuifunga miaka miwili ukasubiri mafundi, wateja wote watahamia kwa Marshall Field, duka kubwa shindani mtaa huohuo, na hawarudi. Kwa hiyo Sullivan akajenga kidogokidogo. Kipande cha kwanza, 1899, kilikuwa cha ghorofa 9 upande wa Madison, chembamba, upana wa madirisha matatu tu, ukipita leo bado unakiona kiko chini kuliko vingine. Mwaka 1903 mpaka 1904 ikaja sehemu kubwa, ghorofa 12, pamoja na kona yenyewe na upande mrefu wa State. Ujenzi ukawa unaenda kwa zamu huku mauzo yanaendelea pembeni. Ndo maana nasema tarehe zote ni za kweli.

Sasa Sullivan ni nani. Alizaliwa Boston 1856, akasoma usanifu kidogo Marekani na kidogo Paris, na akiwa kijana, mwaka 1873, alifanya kazi Chicago kwenye ofisi ya William Le Baron Jenney. Huyo Jenney baadaye ndo alijenga Home Insurance Building, 1885, ambalo wengi wanalihesabu kuwa ghorofa refu la kwanza lenye mifupa ya chuma. Baadaye Sullivan akashirikiana na Adler, Adler akiwa mtu wa hesabu, sauti na misingi, Sullivan akiwa mtu wa kuchora, na ofisini kwao kati ya 1888 na 1893 alikuwepo kijana mmoja mchoraji anaitwa Frank Lloyd Wright. Lakini uchumi wa Marekani ukaanguka 1893, kazi zikakauka, mwaka 1895 Adler akaondoka. Sullivan akabaki peke yake. Kwa hiyo duka hili alilifanya bila Adler, na lilikuwa kazi kubwa ya mwisho ya maisha yake ndani ya mji ule, ingawa yeye hakujua.

Hiyo mifupa ya chuma inabidi tuielewe vizuri kwa sababu bila yake hakuna kinachofuata. Nyumba ya kawaida ya mawe au matofali ukuta ndo unabeba mzigo. Ukitaka kwenda juu, ukuta wa chini lazima unenepe. Chicago kuna mfano mzuri sana, Monadnock la 1891, ghorofa 16 za matofali upande wake wa kaskazini, kuta zake za chini zina unene wa karibu mita 1.8. Fikiria duka lenye kuta hizo. Dirisha linakuwa kama pango, nafasi ya kuuzia inaliwa na ukuta, mwanga hauingii. Kwenye fremu ya chuma ni tofauti, nguzo na boriti za chuma zinashikana kama kichanja, mzigo wote wa ghorofa unapita kwenye nguzo mpaka kwenye msingi, na ukuta wa nje haubebi chochote zaidi ya uzito wake, unaning'inia tu kama pazia. Ukishafika hapo swali linabadilika. Zamani fundi alijiuliza, nitoboe dirisha wapi ukuta usianguke. Sasa Sullivan anajiuliza, kwa kuwa ukuta sihitaji, niweke nini katikati ya nguzo na nguzo?

Jibu lake lilikuwa kioo. Kila nafasi kati ya nguzo mbili aliijaza dirisha moja pana, lile ambalo mafundi wanaliita dirisha la Chicago, katikati kuna kioo kikubwa kisichofunguka, na pembeni mbili kuna vioo vyembamba vya kupandisha na kushusha. Kile kikubwa kinaleta mwanga, vile vidogo vinaleta hewa. Ni rahisi hivyo, na hakukuwa na feni za umeme za kutosha wala viyoyozi, na taa za umeme za wakati ule zilikuwa na mwanga wa njano uliofifia. Mama anayenunua kitambaa cha bluu anataka aone ni bluu ya namna gani, na taa ile ilikuwa haimwambii ukweli. Mwanga wa jua ulikuwa kifaa cha kazi kama vile mizani ilivyo kwa muuza sukari. Ndani ghorofa ziko wazi mwanzo mpaka mwisho, nguzo tu, hakuna kuta, meza za bidhaa zinahamishika leo hapa kesho kule. Kwa hiyo ukiona kwa nje madirisha yanalingana ghorofa zote, ujue na ndani ghorofa zinalingana, kila moja inafanya kazi ileile. Uso wa jengo unasema ukweli wa kilichomo.

Weupe nao si rangi. Ni terakota, udongo wa kuchoma, vipande vilivyotengenezwa kwa kukandamiza udongo kwenye kalibu, vikapakwa kioevu cha kung'arisha kama cha vigae vya bafuni kisha vikachomwa kwenye tanuru. Kuna sababu mbili na zote za maisha ya kawaida. Kwanza moto, watu wa Chicago baada ya 1871 walijua kuwa chuma kitupu hakiungui lakini kikipata joto kali kinalegea na kupinda, jengo linajikunja na kuporomoka, kwa hiyo lazima kila chuma kivalishwe udongo wa kuchoma. Pili masizi. Mji wote ulikuwa unaendeshwa na makaa ya mawe, treni, viwanda, majiko ya kupasha nyumba, kuta za mawe zilikuwa zinageuka nyeusi ndani ya miaka michache. Terakota yenye mng'aro mvua ikinyesha inaioga, inarudi nyeupe. Ukisogea karibu sana utagundua kitu ambacho picha nyingi hazionyeshi, kwamba hata huko juu kuzunguka kingo za kila dirisha kuna ukanda mwembamba wa nakshi, umejificha kwenye unene wa ukuta. Yaani hata pale alipokaa kimya hakunyamaza kabisa.

Haya, tushuke chini sasa. Hapa mimi naona anayetoka Lamu, Mombasa au Unguja anaelewa haraka kuliko mtu wa kule. Nyumba ya Mji Mkongwe ukiitazama kwa mbali ni ukuta tu, chokaa nyeupe, umenyooka, hauna maneno mengi. Halafu kuna mlango. Mlango umechongwa juu mpaka chini, mauwa, minyororo, maandishi, misumari ya shaba. Hakuna anayeuliza kwa nini fundi hakuchonga ukuta mzima, kila mtu anajua kwamba mlangoni ndo mtu anasimama, anabisha hodi, anasubiri, macho yake yako pale, na pale ndo mwenye nyumba anajitambulisha. Sisemi Sullivan aliiga kwetu, hapana, ila akili ni moja. Ghorofa ya 8 inaonwa na nani? Mtu aliye upande wa pili wa barabara, kwa sekunde chache, kama umbo tu. Lakini ghorofa ya chini mtu anapita nayo bega kwa bega, hatua baada ya hatua, mita mia nzima, anatembea taratibu, na mwenye duka anachotaka ni apunguze mwendo zaidi. Hapo ndo zikawekwa vioo vikubwa vya kuonyeshea bidhaa, na kila kioo kikazungushiwa fremu ya chuma yenye nakshi kama vile picha inavyowekewa fremu. Gauni lililoko ndani linageuka picha ya ukutani. Na zaidi ya hapo kona yenyewe, pale wanapokutana wa State na wa Madison, aliiviringa ili aliyeko mtaa wowote kati ya hiyo miwili auone mlango, na nakshi zikazidi hapo mpaka chuma kinaonekana kama kimeota.

Kimeota, ndiyo, na hilo neno nalitumia makusudi. Kwa Sullivan nakshi haikuwa kitu cha kununua na kubandika. Alikuwa anaanza na umbo la kawaida kabisa, mraba au duara au mbegu, halafu analifanya lichipue, mstari unagawanyika, unajikunja, unazaa jani, jani linazaa jingine, lakini ukifuatilia unarudi kwenye umbo la mwanzo. Aliyechora sehemu kubwa ya vipande hivyo kwa ajili ya duka hili ni msaidizi wake George Grant Elmslie, kwa mkono unaofanana na wa bosi wake kiasi kwamba wataalamu wanasumbuka kuwatenganisha. Kisha Kristian Schneider, fundi wa kufinyanga, akageuza michoro kuwa maumbo halisi ya kushika. Kisha kiwanda cha Winslow Brothers kikamimina chuma kwenye kalibu. Mmoja wa wenye kiwanda hicho, William Winslow, ndo aliyempa Frank Lloyd Wright kazi ya nyumba alipoanza kujitegemea, dunia ya wajenzi ni ndogo, watu wote wanajuana. Chuma chenyewe kikapakwa rangi nyekundu ya kahawia chini, juu yake kijani, na nyekundu ikawa inachungulia, ili kifanane na shaba ya zamani iliyopigwa na mvua. Na juu ya mlango wa kona, ndani ya majani, zimefichwa herufi L.H.S., Louis Henry Sullivan.

Sasa tufike kwenye ule ubishi. Sullivan ndo mwenye ule msemo maarufu kuliko yote kwenye usanifu, kwamba umbo siku zote hufuata kazi, aliuandika 1896 kwenye makala kuhusu majengo marefu ya ofisi. Waliokuja baadaye, wale wa mabomba na vioo na kuta tupu, wakauchukua wakaufanya amri ya kukataza nakshi: kama haifanyi kazi, itoe. Wakati huohuo wakamtangaza Sullivan kuwa babu yao. Miaka ya 1940 mwanahistoria Sigfried Giedion alilisifu sana hili jengo, lakini alichokuwa anasifia ni zile ghorofa za juu, zile safu safi za madirisha, na picha zikawa zinakatwa hukohuko juu. Chini wakaona kama udhaifu, kama mzee aliyeshindwa kujizuia. Mimi naona hapo walimsoma nusu. Kazi ya ghorofa ya 5 ni kuleta mwanga, umbo lake likafuata hiyo. Kazi ya ghorofa ya chini ni kumsimamisha mpita njia ambaye ana haraka na anaweza kuingia kwa jirani, na umbo lake likafuata hiyo vilevile. Nakshi ilikuwa inafanya kazi ngumu kuliko hata boriti, boriti inabeba sakafu, nakshi inabeba biashara nzima. Msemo ni uleule, haukuvunjwa hata kidogo.

Jengo halijakauka vizuri, mwaka 1904, Schlesinger na Mayer wakauza duka. Aliyenunua ni Harry Gordon Selfridge, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka 25 kwa Marshall Field, akapanda kutoka karani mpaka mshirika, akaondoka akitaka duka lenye jina lake. Alilipata, na baada ya miezi michache tu akaliuza tena kwa Carson Pirie Scott kwa faida nzuri. Baadaye akavuka bahari akaenda London, na tarehe 15 Machi 1909 akafungua Selfridges mtaa wa Oxford, jengo la fremu ya chuma na vioo vikubwa vya maonyesho, akili yote ya mtaa wa State amebeba nayo. Carson Pirie Scott wao wakakaa pale zaidi ya miaka 100, ndo maana jina lao likaganda.

Mwaka 1906 Carson wakataka kurefusha jengo kuelekea kusini kwenye State. Sullivan hawakumpa. Walimpa kazi Daniel Burnham. Na hapa inabidi nieleze, kwa sababu hawa wawili walikuwa na yao. Burnham ndo alikuwa msimamizi mkuu wa yale maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya 1893, yaliyojengwa kwa mtindo wa Kiyunani na Kirumi, nguzo nyeupe kila mahali, na Sullivan, ambaye alichora pale jumba la usafiri lenye mlango wa dhahabu, alichukia mtindo ule mpaka anazeeka, aliandika kuwa hasara yake itadumu nusu karne. Sasa huyo Burnham anakabidhiwa jengo la mwenzake. Na alichofanya kinanigusa kila nikikifikiria: aliufuata mchoro wa Sullivan. Madirisha yaleyale, weupe uleule, nakshi ileile chini, alibadilisha vitu vidogo tu. Angeweza kuweka nguzo zake za Kirumi, hakuweka. Mwaka 1960 mpaka 1961 ofisi ya Holabird & Root wakaongeza kipande kingine kusini zaidi, nao wakafuata vilevile. Kwa hiyo unaposimama upande wa pili wa State unaona uso mmoja mrefu, kumbe ni mikono mitatu.

Burnham huyohuyo ofisi yake ndo iliyojenga duka la Marshall Field, kaskazini kidogo kwenye State hiyohiyo, nalo kwa vipande kuanzia 1892. Nalitaja kwa sababu ukiyaweka pamoja unaona njia mbili za kutatua tatizo moja. Kule nje ni jiwe zito la heshima, saa kubwa kwenye kona, na utajiri wote umewekwa ndani, kuna kuba la vioo vya Tiffany la mwaka 1907 lenye vipande zaidi ya milioni 1.6. Field alikuwa na jina tayari, mteja anaingia kwa sababu ya jina halafu anashangaa akiwa ndani. Duka la Sullivan lilitaka kumkamata mtu akiwa bado barabarani.

Sullivan mwenyewe hakupata tena kazi kubwa. Alibaki kujenga vibenki vya miji midogo ya wakulima, kama kile cha Owatonna, Minnesota, mwaka 1908, vizuri mno lakini vichache, mwaka 1909 akapiga mnada vitabu na vyombo vyake vya nyumbani, Elmslie naye akaondoka mwaka huohuo. Akafa tarehe 14 Aprili 1924 akiwa maskini, kwenye chumba cha hoteli Chicago, mjini alikojenga majumba.

Jengo nalo likapata mabaya yake. Juu kabisa, ghorofa ya 12 ilikuwa imerudishwa ndani kidogo kama baraza, na juu yake paa likatokeza kwa mbele na kutia kivuli, hicho kivuli ndo kilikuwa kinafunga jengo, kama vile kilemba kinavyomaliza kichwa. Mwaka 1948 wakaling'oa paa hilo, wakaziba baraza pakawa ukuta tu. Kwa karibu miaka 60 jengo lilikuwa kama limekatwa utosi na vizazi vya wanafunzi vikalisoma hivyohivyo vikidhani ndo lilivyo. Nakshi za chini nazo zikapakwa rangi moja juu ya nyingine. Afu mji wenyewe ukabadilika, watu wakahamia vitongojini na magari yao, mol zikawafuata huko, maduka ya State yakaanza kufa moja baada ya jingine, na mwaka 1979 wakuu wa mji wakajaribu kuuokoa mtaa kwa kuzuia magari binafsi wakaacha mabasi tu, haikusaidia, mwaka 1996 magari yakarudishwa.

Kazi nyingine za Sullivan na Adler zilikuwa zinabomolewa miaka hiyohiyo. Ukumbi wa Garrick ulivunjwa 1961. Soko la hisa la Chicago likavunjwa 1972, na Richard Nickel, mpiga picha aliyetumia maisha yake kuokoa vipande vya nakshi za Sullivan kutoka kwenye vifusi, aliangukiwa na jengo hilo akafia ndani, Aprili 1972. Ukijua hilo unaelewa kwa nini lile la State lilipotangazwa na mji kuwa jengo la kulindwa mwaka 1970, na kufikia 1975 likawa alama ya kihistoria ya taifa, haikuwa karatasi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 msanifu John Vinci akaanza kulirudisha, akachimba mpaka akapata rangi ya asili ya kile chuma, kijani juu ya nyekundu. Na mwaka 2006, chini ya msanifu Gunny Harboe, lile paa la juu likarudi na ghorofa ya 12 ikafunguliwa tena ikawa baraza. Waliolizoea bila paa ilibidi wajifunze upya kuliangalia.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2007, Carson wakafunga duka. Yaani jengo limepona, duka limekufa. Likakaa sehemu kubwa bila mpangaji wa chini mpaka mwaka 2012 Target walipoingia, na kwa sababu chuma kile kinalindwa, nembo yao nyekundu waliiweka ndani ya vioo. Watu bado wanaingia kwa mlango uleule wa kona, chini ya zile herufi tatu, wanatoka na sabuni na maziwa.

Huko juu zimeingia ofisi, na chuo cha sanaa, School of the Art Institute of Chicago, nacho kikachukua nafasi, kwa muda kikaweka sehemu za kuonyeshea kazi za wanafunzi kwenye ghorofa ambazo akina mama na mabibi wa Chicago walikuwa wanachagulia vitambaa. Ghorofa ziko wazi vilevile, nguzo zilezile, dirisha pana katikati na membamba pembeni, na mwanga uliokuwa wa kupimia rangi ya bluu ukawa unaangukia kwenye michoro. Jumba la makumbusho la taasisi hiyo liko kutembea dakika chache tu kuelekea ziwani, na humo ndimo zinatunzwa karatasi 20 za nakshi ambazo Sullivan alizichora kwa penseli miaka yake miwili mitatu ya mwisho, akionyesha hatua kwa hatua jinsi mraba mtupu unavyochipua mpaka kuwa jani. Aliyeziagiza na kumlipa, wakati ambapo karibu hakuna tena aliyekuwa anampa kazi, ni maktaba ya taasisi hiyo, na maktaba ile ilikuwa inaitwa Burnham.